Nilimbuni Mchawi Mwema, Wakaja Kumtafuta Nyumbani Kwangu

Ninaitwa Mwamini, nina miaka thelathini na sita. Nimeolewa, nina mabinti wawili, na ninakaa Dilala, hapa Kolwezi, kusini mwa Kongo, katika moja ya zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Mume wangu Saidi ni mtu wa malori, siku nyingi yuko barabarani. Sisi ni Waislamu. Babu zetu walitoka upande wa Maniema wakifuata biashara, wakaoa huku, wakazikwa huku.

Zamani nilikuwa mtunzi wa hadithi. Tangu yanipate yaliyonipata, sijatunga tena hata moja. Haya ninayowaandikia leo, wasomaji wenzangu, si ya kutunga... Laiti yangekuwa!

Aliyenilea ni mama mkubwa Zuhura, dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado ninanyonya. Mama mkubwa hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, kwa hiyo mapenzi yote aliyokuwa nayo aliyamwaga kwangu. Alipofiwa na mume, mimi na Saidi tukamchukua tukae naye.

Alikuwa na mambo yake! Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Aliongea na kuku wake kama unavyoongea na jirani, akiwalaumu, akiwabembeleza. Kila Alhamisi jioni alichoma ubani, nyumba nzima ikanukia. Na ugomvi ukizuka mtaani, alibeba kiti chake kidogo, akaenda kukaa katikati ya wagombanaji, akauliza swali moja, na jingine, na jingine, mpaka mwongo akachoka mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyomnasa mtu aliyekuwa akianua nguo za watu kwenye kamba. Hakumpigia kelele. Alimuuliza tu shati alilovaa linafuliwa kwa sabuni gani...

Watu walimpenda. Ndiyo, walimpenda! Naomba mlikumbuke hilo.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, si mbali na komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Pembeni yangu, chini ya mwavuli, aliketi Solange akiuza salio la simu. Solange si mtu niliyekutana naye pale. Tulianza naye darasa la kwanza. Tulikula naye sahani moja. Alipopata mimba na mwanaume akamkana, wazazi wake wakamfungia mlango, ni mama mkubwa aliyemwambia aje kwetu. Alijifungulia mikononi mwetu. Mama mkubwa alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, akambeba yule mtoto mgongoni kama mjukuu wake. Na baadaye ni yeye huyo huyo aliyekwenda kwa wazazi wake Solange na kile kiti chake, akakaa, akauliza maswali, mpaka wakamrudisha binti yao nyumbani.

Je, mtu akikufanyia hivyo, unamlipa nini?

Sasa niwaeleze hadithi zangu, maana ndizo chanzo. Kolwezi tunaongea mambo ya kuchosha. Ni vumbi, ni mashimo, ni nani kafukiwa, ni nani kanyang'anywa kiwanja. Mimi nilitaka kitu cha kuwafanya watu wacheke na kujiuliza maswali kidogo. Basi wakati wateja hakuna, nikaanza kuchapa habari za bibi kizee mmoja niliyemwita Nkambo Mwadi. Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu.

Nkambo Mwadi alikuwa mulozi, yaani mchawi. Lakini mchawi wa kubahatisha! Mama yake alifariki kabla hajamaliza kumfundisha, kwa hiyo anajua nusu tu ya kila dawa. Anamwita mwizi, vinakuja viatu vya mwizi peke yake, vinatembea barabarani mchana kweupe. Anamfanyia dawa mwongo aseme kweli, mwongo anaanza kuimba nyimbo za harusi. Nusu iliyobaki inabidi aitafute kwa akili yake: kuuliza, kunusa, kuchungulia masufuria, kukaa na wanawake bombani na kusikiliza nani ananyamaza ghafla. Akipewa mkasa mtaani, hakosi kuupatia jibu.

Nilijiwekea masharti. Hakuna damu. Hakuna shetani. Na kila mkasa uishe watu wakila bukari, ugali wetu, kwenye sinia moja, hata yule aliyekosa. Nilitaka msikilizaji aone kwamba anayeitwa mchawi anaweza kuwa ndiye mwenye huruma kuliko wote.

Mkasa wa kwanza ulikuwa ngoma ya kwaya iliyoibiwa. Wa pili, bwana harusi aliyepotea asubuhi ya ndoa yake. Haikuwa kazi rahisi! Mwenye kosa lazima umwonyeshe mapema, asimame pale pale mbele ya macho ya watu, na bado wasimshuku. Nilikuwa nikimsomea mama mkubwa jikoni, naye alinikosoa bila huruma.

"Huyu nkambo yako anasema sana," aliniambia mara ya kwanza, kwa Kiswahili chetu cha huku. "Mutu wa kutafuta kweli anasikiliza. Na juu ya nini anaingia mu nyumba ya batu, habamupe hata maji? Tia maji pale. Mutu akileta maji, mikono yake inasema."

Nikatia maji. Na kweli, mkasa mzima ukafunguka kwenye mikono ya mwanamke aliyeleta kikombe! Tangu hapo mama mkubwa akawa mwalimu wangu. Jicho lenye ukungu nilimpa Nkambo Mwadi kwa ruhusa yake, na kuku pia. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Sasa kuku bangu batakuwa bakubwa mu muji," alisema.

Siku moja Solange alikuja kukaa kibandani kwangu jua likiwa kali, akauchukua ule ukurasa, akausoma kwa sauti kwa utani tu. Jamani, ile sauti! Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, alijua kupanda na kushuka. Kila mtu wa mle mkasani alimpa sauti yake. Wateja wangu walisahau fotokopi zao. Tukarekodi kwenye simu, tukatuma kwa marafiki. Marafiki wakatuma kwa marafiki. Baada ya muda mfupi nilipanda pikipiki kwenda sokoni, nikamsikia dereva akicheka peke yake, simu iko ndani ya kofia yake ya chuma... anamsikiliza Nkambo Mwadi!

Nilibubujikwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Kisha redio moja ya mjini ikatuita. Wakatupa nafasi Jumamosi mchana. Walipotangaza, walisema ni hadithi za Solange. Jina langu halikutajwa. Nilimwangalia Solange, naye akaniangalia, akainua mabega. Tukiwa njiani kurudi alinibembeleza. Alisema watu wanataka jina la ile sauti wanayoisikia, kwani mimi na yeye si kitu kimoja? Nikakubali. Tangu utoto ndivyo tulivyokuwa. Yeye mbele, mimi nyuma yake.

Wenzangu, hapo ndipo ningeshtuka. Lakini nani anamshuku mtu aliyelala naye mkeka mmoja?

Mikasa ikaendelea, watu wakazidi kutupenda. Ndipo Solange akaja na wazo la Kasulo. Kama hamkujui Kasulo, ni mtaa wetu mmoja ambao watu waligundua madini chini ya nyumba zao, wakachimba sebuleni, jikoni, uani. Patou, mdogo wake Solange, alikuwa anachimba huko.

Ninakumbuka siku hiyo vizuri. Tulikuwa jikoni kwangu. Mama mkubwa alikuwa anakaanga mikate, ile ya mafuta kama maandazi, Solange anakula mmoja baada ya mwingine ikiwa ya moto.

"Weka Kasulo mu hadisi," aliniambia. "Batu banapenda kusikia bintu bya kwabo."

Nikamwambia sitaki. Mashimo yana vifo, na mimi niliahidi hakuna damu.

"Haba! Si weye njo unaandika? Hakuna mutu atakufa kama weye hautake."

Yeye mwenyewe akanipa mkasa wote: nyumba yenye mlango wa bluu, shimo chini ya kitanda, na mtu anayeiba magogo yanayoshikilia udongo. Mama mkubwa akachangia moshi wa pilipili. Alisema wachimbaji ni wabishi, hawatoki kwa maneno, ila pilipili ikichomwa hata mfalme anatoka.

Nikaandika. Nkambo Mwadi anaweka sikio sakafuni, anasikia udongo unakohoa. Dawa yake inakosea kama kawaida, badala ya kuwaita wachimbaji juu inawaita mbuzi wa mtaa mzima. Basi anachoma pilipili. Wachimbaji wanatoka wakilia machozi na kupiga chafya, udongo unaanguka nyuma yao, wote wazima! Mwizi wa magogo anajulikana, ni mwenye nyumba mwenyewe. Bukari inapikwa. Mwisho.

Ule ndio mkasa uliopendwa kuliko yote.

Halafu... mvua zilipokolea, shimo likaanguka kweli. Kasulo. Chini ya nyumba ya mtu. Na mlango wa nyumba ile, Mungu wangu, ulikuwa wa rangi ya bluu! Milango mingapi ya bluu iko Kasulo? Mingi! Nani hajui kwamba rangi ya bluu ndiyo iliyo rahisi kupatikana? Lakini nani angenisikiliza?

Patou alikuwa chini. Hakutoka.

Nilikimbia kwenye kilio nikiwa sina hata kiatu cha maana. Nilitaka kumshika Solange, nilie naye. Nilimkuta ameketi chini kati ya wanawake, macho yamekauka. Nikamwita. Hakugeuka. Nilidhani ni uchungu.

Nikiwa bado nimesimama pale, kijana mmoja aliyekuwa akichimba na Patou akatoa simu. Akawasha ule mkasa. Sauti ya Solange ikajaa uani: udongo unakohoa... mlango wa bluu... tokeni, tokeni! Hata waliokuwa wakilia waliigeukia ile simu. Kisha mama mmoja akainuka, akamwelekezea Solange kidole.

"Weye njo ulisema! Ulijua! Ulijua na ulimuacha ndugu yako afe!"

Wasomaji, niliiona hofu ikipanda usoni mwa Solange kama maji kwenye kisima. Kila mtu alikuwa anamtazama. Angeweza kusema ukweli. Ulikuwa mfupi: ni hadithi, tulitunga jikoni tukila mikate, wazo nilitoa mimi Solange mwenyewe kwa sababu kaka yangu mdogo anachimba huku na ninamwogopea. Maneno hayo tu!

Badala yake aliinua mkono, akaninyooshea kidole mimi.

"Mi nilisoma tu," alisema. "Bile bintu binatoka kwa mama mukubwa ya huyu. Yeye njo anamuambia, huyu anaandika. Ule nkambo si wa hadisi. Aiko kwabo, Dilala. Aiko na jicho ile ile. Anachoma moshi kila juma."

Sikumbuki nilitokaje pale. Nakumbuka mtu alinivuta kitambaa cha kichwa, na mwingine akanitemea mate mgongoni.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama mkubwa anawatupia kuku wake mahindi. Nikamweleza. Akamalizia kuwatupia kuku yale mahindi. Kisha akauliza kama Solange amekula, maana aliyefiwa husahau kula. Hivyo ndivyo alivyokuwa!

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kusali, walikuja. Saidi alikuwa safarini. Kwanza nilisikia wimbo kwa mbali, nikadhani ni maandamano ya kanisa. Kisha jiwe likaanguka juu ya bati. Nikawasukuma wanangu chini ya kitanda. Nje walikuwa wanapiga kelele: "Mulozi atoke! Mulozi atoke!" Nilipochungulia dirishani niliwatambua. Si wageni! Kulikuwa na mmoja wa wale ambao mama mkubwa aliwanasia mwizi wa nguo. Kulikuwa na wateja wangu. Kulikuwa na dereva wa pikipiki ambaye kila siku alinisalimia kwa kuiga sauti ya Nkambo Mwadi.

Jirani yetu, Tata Kabange, mzee Mkatoliki aliyefanya kazi mgodini mpaka alipostaafu, alitoka akiwa bado amevaa suti yake ya misa. Akasimama kwenye lango letu, mikono mitupu.

"Huyu mama alikaa na muke wangu mpaka pumzi ya mwisho," aliwaambia. "Banakwetu benyewe balikimbia ule ugonjwa, yeye hakukimbia. Kama munamutaka, mupite kwangu kwanza."

Wakasita. Nilitaka mama mkubwa abaki ndani, nikamshika, nikamng'ang'ania. Akanibandua vidole kimoja kimoja. Akatoka na kiti chake, akakiweka kizingitini, akakaa. Kisha akainua mguu wake juu, watu wote waone kiatu chake.

"Muangalie hii kilato," alisema. "Inapasuka hapa, inapasuka na huku. Kama mi niko mulozi, na udongo yote ya Kasulo inanisikia, juu ya nini sijajinunulia bilato?"

Wachache wakacheka. Naapa, walicheka! Kwa dakika ile nilidhani tumepona. Tata Kabange akaona ni nafasi, akasema aitwe Solange mwenyewe, aje aseme mbele ya wote. Hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya umati, na nguo zake nyeusi za msiba. Watu wakamfungulia njia.

Nilipiga magoti. Mbele ya mtaa mzima nilipiga magoti kwenye matope, nikamwambia Solange, dada yangu, waambie. Waambie jikoni. Waambie mikate. Waambie nani alisema Kasulo.

Alimtazama mama mkubwa. Mama mkubwa naye akamtazama kwa lile jicho moja zima, akamwambia pole kwa Patou. Hakumwambia lingine.

Solange akainamisha kichwa. "Mi sijue kitu," alisema. "Mi nilikuwa nasoma tu ile banaandika."

Jiwe lililofuata lilimpata mama mkubwa juu ya nyusi. Sikumwona aliyelirusha. Damu ikaingia kwenye lile jicho zima, akawa haoni kabisa, anapapasa hewani akiniita. Tata Kabange na wanawe walimbeba hadi ndani kwao. Walioshindwa kumpata yeye wakawamaliza kuku wake, wakawachoma pale pale uani, na wakaimba.

Polisi walikuja watu wakiwa wameshatawanyika. Walituambia tumwondoe bibi, kwa usalama wake mwenyewe. Aliyepigwa ndiye aliyetakiwa kuondoka!

Saidi aliporudi alilia. Simsingizii, alilia kama mtoto. Lakini kesho yake wafanyabiashara wakaanza kushusha bidhaa zao kwenye lori lake, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetaka mzigo wake upite mikononi mwa watu wa nyumba ya mchawi. Alinikalisha, akasema kwa upole kwamba lazima mama mkubwa aende, angalau mpaka mambo yapoe. Nilimwita mwoga. Nilimwita majina ambayo mke hamwiti mumewe. Mama mkubwa ndiye aliyetunyamazisha. Alikuwa ameshafunga kanga zake.

Tulimpeleka Tenke, mji wa reli, kwa mpwa wa marehemu mumewe. Nilijiambia kule hakuna anayemjua. Tulipokuwa tunashuka karibu na soko, watoto waliokuwa wanacheza wakamwona na bandeji yake na jicho lake lenye ukungu. Wakapiga kelele kwa furaha, masikini, hawakuwa na ubaya wowote: "Nkambo Mwadi! Nkambo Mwadi!"

Sauti ya Solange ilikuwa imefika kabla yetu.

Mpwa alimpokea, sitaki kumsema vibaya. Lakini mkewe alimlaza kwenye jiko la nje, akawakataza watoto kula kilichopitia mikononi mwake. Mama mkubwa hakuwahi kuniambia. Kila nilipopiga simu alisema yuko vizuri, akaniuliza kama ninaandika. Nilidanganya kwamba ninaandika. Alikuwa akiniomba nimsomee, nami nikabuni pale pale kwenye simu huku nikijiziba mdomo kila nilipotua, asisikie ninavyolia... mikasa midogo midogo, ya sufuria iliyopotea, ya mbuzi aliyevaa miwani. Na bado alinikosoa!

Baridi ya kiangazi, ambacho huku kwetu ndicho msimu wa baridi, ilimkuta kwenye lile jiko. Kifua kikamkamata. Mke wa mpwa aliogopa kumpeleka hospitali wasije wakasema ni yeye anayemfuga mchawi. Waliponipigia simu asubuhi moja, mama mkubwa alikuwa ameshaaga dunia. Kwetu maiti hakai. Nilipofika Tenke, na vumbi la barabara hadi kwenye kope, walikuwa wameshamzika. Wanawake wawili tu ndio waliokubali kumwosha. Nilikwenda kuwashukuru, nikawashika mikono.

Mnadhani yaliishia hapo?

Redio haikuiacha hadithi yangu. Walimtafuta mtu mwingine wa kuandika, Solange akaendelea kusoma. Sasa Nkambo Mwadi kila Jumamosi anaungama ubaya wake. Anataja aliowala. Anaangushwa chini, anaombewa, anatapika. Hakuna tena maswali, hakuna bukari ya pamoja, hakuna mbuzi. Na watu wanaipenda kuliko mwanzo! Nilikwenda kwenye ile redio kudai. Msimamizi alinisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Mama, hadisi ni ya mwenye sauti." Kisha akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nikimweka yule bibi nyumbani. Nikatoka.

Nilikutana na Solange mara moja tu tangu hapo. Ilikuwa sokoni, kwa wauza sombe, majani ya muhogo. Aliniona, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya vibanda ambako hakuna mtu. Alikuwa amekonda. Akaanza kulia.

"Mwamini, nisamehe. Nilijua yote. Ile siku balikuwa banataka kuniua mi. Niliogopa. Kila siku ninamuona mama mukubwa, anaogesha mutoto wangu..."

Nikamwacha alie. Moyo wangu ulitaka kumwonea huruma, maana alimpoteza ndugu yake na hofu ni kitu kibaya. Kisha nikamwambia neno moja tu. Nikamwambia aseme hayo hayo redioni, Jumamosi, kwa sauti ile ile.

Akaachia mkono wangu.

"Siwezi," alisema. "Ile redio njo inalisha mutoto wangu."

Tukaachana. Yeye alitokea upande mmoja wa vibanda, mimi upande mwingine, kama watu ambao hawajuani.

Saidi bado ni mume wangu. Lori lake linapakia tena. Tata Kabange anakuja jioni kuwasalimia wanangu. Kibanda cha fotokopi ninacho bado, na mwavuli wa Solange haupo pembeni. Watu wananisalimia vizuri, wanacheka nami, wananiletea barua zao. Nami ninawachapia! Ninafanya nini kingine? Lakini kila mkono unaonipa karatasi ninauangalia, ninajiuliza kama ulishika jiwe.

Wasomaji wenzangu, kama una kipaji cha kutunga, usimkabidhi mtu mwingine sauti yako, hata awe rafiki wa tangu shule. Jina lako likifichwa leo kwa sifa, kesho litatafutwa kwa lawama. Na unapotunga, waambie watu waziwazi kwamba umetunga, waambie tena na tena, kwa sababu kuna watu ambao hawaachi jambo libaki hadithi.

Nanyi mnaosikiliza, nawasihi: siku mkisikia bibi kizee wa mtaani kwenu anatajwa, msikimbilie mawe. Kaeni chini kwanza. Muulizeni anayemtaja anaogopa nini.

Na wewe unayejua ukweli na umeunyamazia, popote ulipo... msamaha wa nyuma ya vibanda haumfufui mtu. Useme hadharani. Useme leo, wakati unayemwonea bado ana masikio ya kukusikia.